Difu ya nyuma ilibadilishwa, ya mbele ikaachwa: kisa cha Landrova 109

Gari lenyewe ni pikapu ya Landrova 109, Series IIA ya mwaka 1968, chasi ndefu, springi za majani mbele na nyuma, bodi ya aluminiamu iliyokwisha gongwa na kunyooshwa mara nyingi. Kazi yake ni kuteremsha karoti, kabichi na hoho kutoka milima ya Lushoto hadi Mombo, na bei ikiwa nzuri inaendelea na lami ya Segera na Chalinze hadi Dar es Salaam. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilitolewa zamani. Mwenye gari, mzee anayejua thamani ya kila shilingi, alipata 200Tdi, injini ya dizeli yenye tabo, iliyong'olewa kwenye Defender, Landrova ya miaka ya baadaye, akaifunga kwenye gia boksi ya Series III ambayo gari lilikuwa nayo tayari. Mafundi wengi wa Landrova wamewahi kuunganisha viwili hivyo, maana boli za injini hiyo zinakubaliana na gia boksi hiyo bila marekebisho makubwa.

Injini ilipokaa sawa, mlimani mzee alifurahi. Kwenye lami akachoka. Gari linafika kilomita 80 kwa saa, injini inalia kana kwamba bado iko gia ya tatu, mkono unatafuta gia ya tano ambayo haipo. Sababu iko nyuma, ndani ya difu, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli. Landrova za enzi hizo zilitoka kiwandani na uwiano wa 4.7 kwa 1: kraunwili, gia kubwa ya difu, yenye meno 47, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, yenye meno 10. Propela, ile shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye difu, izunguke karibu mara tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ongeza na kasha la transfa, lile la nyuma ya gia boksi lenye gia kubwa ya kawaida na gia ndogo ya kazi nzito, ambalo hata kwenye gia kubwa linapunguza kwa 1.148, unapata jumla ya 5.4 ukiwa gia ya nne. Tairi la 7.50-16 linasogea karibu mita 2.45 kila mzunguko. Piga hesabu: kwa kilomita 80 kwa saa injini inazunguka kama mara 2,940 kwa dakika, na kwa kilomita 90 ni 3,300. Kwa dizeli inayotoa nguvu yake nzuri ya kuvuta kwenye mizunguko 1,800, huko ni kuitesa bure na kuchoma mafuta.

Dawa inajulikana. Range Rover ilipotoka mwaka 1970 ilikuja na difu ya 3.54, meno 46 kwa 13, na One Ten ya mwaka 1983, Landrova iliyoifuata 109, ikarithi uwiano huohuo. Uzuri ni kwamba kichwa cha difu cha aina ya Rover ni kilekile kwa umbo: kinaingia kwenye ekseli ya Series IIA bila kukata wala kuchomelea, mradi ni kile cha hafshafti (shafti zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni) zenye mifereji 10. Vile vya baadaye, kuanzia miaka ya tisini, vina mifereji 24 na havikubali shafti za zamani. Angalizo jingine: One Ten ina ekseli ya Salisbury nyuma, kubwa na nzito, ambayo kichwa chake hakitoki namna ile. Anayetafuta difu kwenye One Ten iliyokufa anaangalia mbele.

Fundi wa kwanza aliyashika haya yote. Alipata kichwa kimoja cha 3.54, akakifunga nyuma, akamwambia mzee kuwa ya mbele haina haja kwa sababu ukiwa kwenye lami magurudumu ya mbele hayavuti, yanafuata tu. Kwa lami alisema kweli. Series haina foo-wili ya muda wote. Kwa matumizi ya kawaida propela ya mbele haijaunganishwa na gia boksi, kwa hiyo difu ya mbele ikiwa na 4.7, ikiwa na 3.54, ikiwa na kitu kingine chochote, hakuna anayejua. Mzee alienda Dar na kurudi akiwa ameridhika kabisa. Kwa kilomita 80 injini sasa ilikuwa inazunguka kama mara 2,200. Akapita wiki kadhaa hivyo.

Mvua za masika zikaanza. Barabara ya shambani ikawa tope, gari limejaa kabichi, likakwama. Mzee akabonyeza kile kirungu cha njano, foo-wili ikaingia. Gari likasogea kwa shida, usukani ukawa mzito na mbele haifuati, magurudumu ya mbele yanasukumwa kama sleji badala ya kujivuta. Alipoona hivyo akafanya ambacho dereva yeyote wa Landrova angefanya: akavuta wenzo mwekundu nyuma kuingiza gia ndogo. Akaachia klachi. Likapasuka kitu, mlio mmoja mkavu, halafu kimya.

Gari likaletwa kwangu. Lililofuata ndilo lililonisaidia kuelewa kisa hiki kabla sijaingia chini yake. Mzee aliniambia, "Fundi, baada ya ule mlio gari likawa jepesi. Tukashusha mzigo, nikaondoka na foo-wili mpaka barabarani, halina hata kelele." Nikamuuliza kama akitoa foo-wili linakwenda. Akasema halitembei kabisa, injini inazunguka tu.

Gari linalogoma likiwa zima na kulainika likiwa limevunjika lina maana moja. Kilichovunjika kilikuwa kinashindana na kitu kingine. Hafshafti ya nyuma ilikatika, ekseli ya nyuma ikaacha kuvuta, na mara hiyo ugomvi ukaisha. Mbele ikabaki peke yake na uwiano wake wa 4.7 ikalileta gari bila mpinzani. Kwa kuwa difu ya nyuma si ya kufunga, ule upande uliokatika ulikuwa unazunguka bure na gurudumu la upande mzima linatembea kwa raha zake.

Ugomvi wenyewe ni wa hesabu. Kwenye Series hakuna difu ya katikati. Ukiingiza foo-wili, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na lazima zizunguke sawasawa. Kwa mizunguko ileile, gurudumu la nyuma lenye 3.54 likienda mita 10, la mbele lenye 4.7 linataka kwenda mita 7.5. Hizo mita mbili na nusu lazima ziende mahali. Kwenye tope laini tairi linateleza na kuzimeza. Kwenye tope zito, au jiwe likitokea chini ya tairi la mbele, haziendi popote: tairi la mbele linakuwa breki, na nyuma inalazimishwa kusukuma gari, mzigo na hiyo breki vyote kwa pamoja. Kitu dhaifu kuliko vyote kwenye mnyororo huo ni hafshafti ya nyuma, na kila mwenye Series anajua ilivyo nyembamba.

Tena kuna jambo ambalo hoja ya "mbele haitumiki" ililisahau. Ule wenzo mwekundu ukivutwa kwenda gia ndogo, foo-wili inaingia yenyewe. Hivi ndivyo gari lilivyoundwa. Kwa hiyo mzee hakupoteza foo-wili tu. Alipoteza na gia ndogo, yaani kile hasa kinachomfanya mtu wa Lushoto aendelee kutunza gari la mwaka 1968. Kama magurudumu ya mbele yangekuwa na habu za kufungua kwa mkono, zile zinazotenganisha gurudumu na shafti yake, angeweza kuzifungua akatumia gia ndogo kwa nyuma peke yake. Gari hili halina.

Kuthibitisha ni kazi ya chokaa na macho mawili. Weka vizuizi vya uhakika kwenye magurudumu, maana ukiachia handibreki ya gari hili umeachia kila kitu. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, lile jingine libaki chini. Piga alama ya chokaa kwenye tairi na kwenye flenji ya propela, kisha zungusha gurudumu mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Gurudumu moja kuzunguka mara mbili huku jingine limetulia ni sawa na yote mawili kuzunguka mara moja. Propela ya mbele ilizunguka mara nne na zaidi ya nusu. Hiyo ni 4.7. Nyuma, kwa kuwa shafti ilishakatika, tulingoja kichwa kitoke tukahesabu meno.

Shafti iliyokatika ilikuwa imeacha kipande ndani ya difu. Hakitoki kwa kuvuta. Unachomoa shafti ya upande wa pili, unapitisha nondo ndefu na kukisukuma kutoka ng'ambo. Kilipotoka tulikifuta na dizeli tukakiangalia juani. Mifereji ilikuwa imepinda kwa pamoja upande mmoja, mistari iliyopaswa kunyooka ikawa imelala kama nyuzi za kamba. Uso wa mkato ulikuwa na rangi mbili: ukingo mweusi wenye umbo la mwezi mwandamo, na katikati kijivu kinachong'aa, kipya.

Ule ukingo mweusi ni ufa wa siku nyingi. Kwa hiyo fundi wa kwanza aliposema kwamba shafti ilikuwa imechoka, hakuwa anasingizia. Ingekatika tu, labda mwaka huo, labda mwaka mwingine. Lakini mifereji iliyopinda ni ushahidi wa nguvu iliyozidi kipimo. Mimi lawama naigawa hivi: uchovu ulikuwepo, ila kilichoimaliza siku ile ni difu mbili tofauti. Kama mbele na nyuma zingefanana, lile tope lingekuwa tope la kawaida.

Hapo mzee akauliza swali ambalo watu hulikimbilia: turudishe 4.7 nyuma yaishe? Jibu linategemea injini, na hapa inafaa kutulia kidogo.

Gia ya kwanza ya boksi hili ni 3.68. Ikizidishwa na transfa na difu ya 4.7 inafika 19.9, kwa difu ya 3.54 inashuka hadi 15. Ile injini ya petroli ya zamani ilitoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa juu kabisa wa Nm 168, kwenye mizunguko 2,500. Kwa difu yake ya asili, magurudumuni zilifika kama Nm 3,330. Ukiifungia 3.54 zinabaki kama 2,510, robo nzima imepotea, na gari hilo mlima wa Soni lingepanda kwa gia ya kwanza likihema. Ninawajua watu wenye petroli ya asili waliofunga 3.54 wakitafuta mwendo, wakaishia kutembea gia ya tatu siku nzima kwa sababu ya nne haivuti. Hawa nawaambia waache. Lakini 200Tdi ya Defender inatoa Nm 255 kwenye mizunguko 1,800. Zidisha kwa 15: unapata zaidi ya 3,800. Kumbe hata kwa difu ndefu, pikapu ya mzee ina nguvu zaidi ya kuondokea kuliko ilivyotoka kiwandani. Tahadhari pekee ni kwamba injini ya tabo chini ya mizunguko 1,500 bado haijaamka, kwa hiyo kuondoka mlimani na mzigo kunakula klachi zaidi kuliko zamani. Penye ukali wa kweli, anza na gia ndogo. Huko ya kwanza imeshuka kutoka 40.6 hadi 30.6, na bado ni nyingi.

Kulikuwa na njia nyingine, ovadraivi ya Fairey, ile inayofungwa nyuma ya kasha la transfa na kupunguza mizunguko ya injini kwa kama asilimia 22. Kwa karatasi ndiyo inayolifaa gari la mlimani kuliko zote, maana ukiwa hujaiingiza gia zako zote zinabaki zilivyokuwa. Ila ni kifaa cha zamani, ina gia ndogondogo ndani, na kuiunga na msokoto wa Tdi iliyobeba tani ya kabichi sikushauri. Bei yake pia ilimfanya mzee acheke. Tukakubaliana: 3.54 ibaki nyuma, mbele itafutiwe ya kufanana.

Kilipatikana kichwa kutoka kwenye ekseli ya mbele ya One Ten iliyokatwa spea. Muuzaji aliapa ni 3.54. Kiapo cha muuzaji wa spea hakina meno, kwa hiyo tulizungusha flenji kwa mkono juu ya meza: kraunwili ilimaliza mzunguko mmoja flenji ikiwa imezunguka mara tatu na nusu. Tukahesabu na meno kabisa, 46 na 13. Tukatazama mifereji ya ndani, 10. Tukapitisha kidole kwenye kila jino kutafuta kumeguka, tukatikisa pinioni kuona kama beringi zina mchezo. Kichwa kilichotembea pamoja kikiwa kizima usikifungue kukirekebisha kwa udadisi. Kraunwili na pinioni zimeshazoeana, na ukivuruga nafasi yake utaletewa mluzi usioisha.

Kazi ya nyuma ni nyepesi: mwaga oili, fungua boli sita za kila habu, vuta shafti nje kiasi, toa propela, fungua nati kumi za kichwa, kivute. Ni kizito, usikiache kikuangukie kifuani. Mbele ndiko jasho lilipo, na nadhani ndiyo sababu ya kweli iliyomfanya fundi wa kwanza aipe mgongo. Huwezi kuchomoa shafti za mbele bila kushusha breki na kufungua yale madunda ya usukani yaliyojaa oili, na ukishafungua unakuta sili zimekufa, bushi zimelegea, kazi imezaa kazi. Tuliweka sili mpya, hafshafti mbili za nyuma badala ya ile moja iliyokatika, oili ya EP90, na flenji ya zamani ikahamishiwa kwenye kichwa kipya ili propela ikubali. Tukarudia mtihani wa chokaa mbele na nyuma. Zote tatu na nusu.

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Wakati fulani kabla ya shafti kukatika mzee alikuwa ameshalalamika kwamba tangu difu ibadilishwe gari linakula mafuta zaidi, jambo ambalo lilinishangaza hadi nilipokumbuka spidi mita inapochukulia habari zake. Waya wake unatoka kwenye kasha la transfa, kabla ya difu. Haijui kuwa difu imebadilika. Gari likitembea kilomita 100, mita inahesabu 75. Likila lita 12 kwa hizo 100, mzee anaona lita 12 kwa 75, anagawanya, anapata 16 kwa 100, anakuja juu. Mafuta yalikuwa yamepungua muda wote huo. Daftari lake ndilo lililokuwa linasema uongo.

Na uongo huohuo una hatari yake barabarani. Mshale ukisoma 60, gari liko 80. Penye kibao cha 50, dereva anayefuata mshale kwa uaminifu anapita na 66, na trafiki mwenye tochi hatasikiliza habari za kraunwili. Mpaka mita itakapopelekwa kwa fundi wa dashibodi kurekebishwa, tulibandika alama za rangi kwenye kioo: mshale kwenye 37 ndiyo 50, kwenye 60 ndiyo 80. Na oili inabadilishwa mita ikisoma robo tatu ya umbali wa zamani.

Handibreki nayo. Kwenye Series haishiki magurudumu. Ngoma yake iko nyuma ya kasha la transfa na inashika propela. Nguvu yake inafika magurudumuni ikiwa imezidishwa na difu. Ulipokuwa na 4.7 ilizidishwa kwa 4.7, sasa ni 3.54. Handibreki ileile, iliyokazwa vilevile, inashika kwa robo pungufu. Tulibadilisha pedi na kuisogeza, ikashika tambarare vizuri, ila Soni na mzigo kamili nimemwambia mzee asiiamini bila kuacha gari kwenye gia na mawe mawili nyuma ya tairi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mteremko. Breki ni za ngoma pande zote na buta, kile kifaa cha kusaidia mguu kukanyaga breki, halina. Kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo, kona juu ya kona, dereva anategemea injini imzuie. Zamani mzee alizoea gia ya tatu, jumla yake ikiwa 8.1. Sasa ya tatu ni 6.1 tu, injini inazuia kidogo na mguu unahamia kwenye breki, ngoma zinapata moto, zinafifia. Ya pili imekuwa 9.0, inazuia kuliko ile ya tatu ya zamani, na kwa kilomita 30 kwa saa haizidi mizunguko 1,850 ya injini. Hiyo ndiyo gia ya kushukia sasa, na aiingize juu kabisa, kabla kona hazijaanza. Habari ya mawe mzee aliikubali palepale. Habari ya gia ya pili tulibishana mpaka Mombo, yeye akiwa ndiye ameshika usukani, kwenye gia ya tatu.